Chipu ya Picha

Jumamosi tulimzika baba Butiama, kando ya mama. Jana, nyumbani kwake Nyasho, niliikuta kompyuta yake ya zamani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni.

Alasiri moja nikiwa mtoto, siku chache baada ya kumzika mama, baba aliifungua kasha ikiwa inawaka. Ilinuka vumbi lililopata moto. Namba za chipu, vile vipande vyeusi vya ndani, zilikuwa zimefutika, akawa anazitambua kwa joto, kwa kidole.

“Hizi zinazofanana ni za memori. Ya picha ndiyo inachomaga. Gusa.”

Niligusa. Leo najua chipu hiyo huchora tu inachoambiwa. Siku ile nilidhani picha zote zimo humo.

“Baba, itoe picha ya mama basi.”

Aliwasha televisheni. Kioo kikawa cha bluu, kitupu. Tulikitazama mpaka giza likaingia, na baba hakukizima.