Kitenge cha Shangazi Minza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikianika nguo lazima niikumbuke. Sogeza kigoda, kula hiyo michembe ya viazi kabla haijapoa, na simu iweke chini. Sikukuita kutoka Ushirombo hadi hapa Ngokolo uje uchati mbele yangu.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimemfuata shangazi yangu Minza kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Mimi niliwapikia wachimbaji ugali na dagaa, yeye alichagua mawe. Wanawake wengine waliyachagulia mbali huko, lakini yeye alikaa palepale kwenye mdomo wa duara, yaani shimo lenyewe, jiwe likitoka tu linapita mkononi mwake. Unajua kule wanavyoamini: mwanamke aliye kwenye siku zake akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Basi wote tuliwekwa mbali, maana nani angetukagua kila asubuhi? Shangazi aliruhusiwa kwa sababu siku zake zilikuwa zimekoma. Wachimbaji walimpa shikamoo kabla ya kuteremka, naye alijidai, we! Ungedhani mwenye duara ni yeye.

Huko kukoma kwenyewe nilikushuhudia, na nilikuwa mjinga kweli. Tumekaa tu, mara anavua kanga mabegani, jasho linamtiririka, na jua halijawaka. Mimi mbio dukani kumnunulia dawa ya malaria. Akinikaripia kwa jambo dogo nanuna, najiambia shangazi kabadilika, hanipendi tena. Usingizi ukampotea, magoti yakaanza kumuuma, nikasema ni hayo mawe. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili wa mwanamke ukipunguza zile homoni za uzazi, mabadiliko yanagusa kila mahali mpaka kwenye mifupa.

Joto likapita. Miaka kama mitatu akakaa vizuri, bila kuona siku zake hata mara moja. Ndipo siku hiyo ninayokwambia nikaenda kufua, nikachukua na vitenge vyake, nikaona doa la damu kwenye kimoja.

Nikarudi nacho mkononi. "Shangazi, umeumia?"

Alikinyakua, halafu akacheka kidogo. "Ujana umenirudia, wewe unaona wivu? Hii mara ya pili. Itaacha yenyewe."

"Si tukaulize zahanati?"

"Zahanati ya hapa, nani asiyejua aliyeingia na alichofuata? Msimamizi akisikia nimeanza tena, kesho naamkia kule mbali na ninyi wasichana. Mimi Minza!" Kisha akanishika mkono, sauti ikashuka. "Usiseme, mwanangu. Niahidi."

Nikaahidi. Na nikwambie ukweli, nilifurahi. Mtu mzima kunipa siri yake, nikajiona na mimi nimekua. Nikawa navifua vile vitenge peke yangu, naanika shuka juu yake ili watu wasione. Yeye akaendelea kukaa kwenye duara amejifunga vitambaa, moyo juu, akiogopa dhahabu isije ikapotea akalaumiwa. Haikukimbia popote, mwanangu. Ilitoka vilevile kama siku zote, na hilo linaniuma hadi leo.

Lile doa nililiona watu wakipanda mpunga. Walipokuwa wanavuna, shangazi alikuwa hawezi kunyanyua hata karai, viganja vyeupe, nguo zinampwaya. Tukampakia kwenye gari la mizigo mpaka hospitali. Nesi mmoja, mama mtu mzima, akaniita nje.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mpunga ulipopandwa."

Hakunifokea, na heri angenifokea. "Binti," akasema, "mwanamke aliyekoma hedhi mwaka mzima akitokwa damu tena, hata tone moja, hizo si siku zake. Zilishaisha hizo. Aletwe hapa wiki hiyohiyo. Mara nyingi ni jambo dogo: homoni zimepungua, ukeni pamekauka na ngozi imekuwa nyembamba, au ni kinyama tu kimeota ndani. Tunatibu, anarudi kwake. Lakini mara nyingine ni saratani, na ikiwahiwa inatibika. Ninyi mmeipa miezi."

Kwa shangazi ilikuwa saratani ya mji wa mimba. Tulimzika nyumbani kabla mvua nyingine hazijaanza. Hakunilaumu hata kidogo. Alinishika mkono vilevile akasema tulikuwa wajinga wawili. Nililia sana, mwanangu. Nilimpenda yule mama, na ukimya wangu uliusaidia ugonjwa kuliko ulivyomsaidia yeye.

Na mimi nilipofika umri wake, angalau nilijua kuuliza. Joto liliponipanda nilihamia kulala kwenye sakafu ya saruji, na baba yako, Mungu amrehemu, akadhani nina mtu mwingine! Nikamkokota hadi kliniki tukaelezwa wote wawili. Tukaambiwa nipime presha, nitembee, nile dagaa na maziwa kwa ajili ya mifupa, na kwamba hata maumivu ya chumbani yana dawa zake. Alitoka pale mpole. Na yeye alipoanza kuchoka na kununa bila sababu, nikamrudisha kulekule, maana wanaume nao homoni zinapungua, ila polepole, na wanaficha kuliko sisi.

Basi sikiliza ninachokuusia. Wewe umeshapita arobaini. Joto, usingizi kupotea, hasira za ghafla, hakuna aliyekuroga na mumeo hajakuchoka. Ni mwili unabadilika, nenda ukaulize. Siku zako zikishakoma, damu ikirudi usiifurahie na usiifiche. Na mtu akikupa siri ya ugonjwa wake, mshike mkono umpeleke kwenye matibabu, hata akinuna. Mimi ningempeleka shangazi angeninunia wiki moja, halafu labda angekuwepo siku ya harusi yangu.

Sasa usishtuke. Jumatatu nimeona doa kwenye kitenge changu. Leo Alhamisi. Siku zote hizo nilinyamaza, mimi huyuhuyu! Nilikifua mwenyewe, nikaanika shuka juu yake, nikijiambia mtoto ana kazi zake, nisimsumbue. Jana nilipokwenda kuanua, mkono wangu uko chini ya lile shuka, nikamkumbuka shangazi. Nikasimama pale kwenye kamba nikakupigia simu.

Naogopa, sikufichi. Lakini zimepita siku, si miezi, na kesho saa moja asubuhi bajaji inakuja kutuchukua. Utaingia na mimi ndani mpaka kwa daktari, na nikianza kusema ni kitu kidogo, sema wewe.

Haya, futa machozi, umalize michembe. Kile kitenge nimekirudisha kwenye kamba, mbele kabisa, hakina kitu juu yake. Mungu akufikishe umri wangu ukiwa mzima, mwanangu, na siku mwili wako utakapokutisha, akupe mtu wa kumwambia siku hiyohiyo.