Mtungi Ulionichoma Uliuzwa Ukijulikana Unavuja

Admin, nifiche tafadhali, kuna watu wa Gatina wanaokusoma.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, mtoto mmoja. Kazi yangu ilikuwa ususi. Nilikuwa na kibanda changu hapo Gatina, Kawangware, na wateja walikuwa wanapanga laini wakiningoja hata kama pembeni kuna wasusi wamekaa bure. Sasa naishi Gatwekera kwa dadangu, na yeye ndiye hunifunga vifungo vya nguo.

Gesi nilinunua kwa jirani, nitamwita Baba Joy. Nilitaka meko, ule mtungi mdogo wenye jiko juu, wa kuchemsha maji ya kuchovya ncha za rasta nikimaliza kusuka. Nilipoifikisha kibandani nikasikia harufu. Nikampigia simu, akacheka. "Madam, hiyo ni kawaida ya mtungi mpya. Fungua mlango kidogo, itaisha." Nilifungua mlango, nikangoja, harufu ikapungua. Nikawasha kiberiti.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka mikono yangu ikiwaka na mimi nikiitazama kama ni ya mtu mwingine.

Nilipokuwa hospitali, Baba Joy hakukanyaga. Alikuwa akiambia watu, "Huyo amezoea makaa, nani alimtuma ashike meko?" Watu wakaamini. Hata mume wangu aliniuliza kama kweli niliichezea valvu, na baada ya hapo akaacha kuja.

Aliyekuja ni Mama Joy, bibi ya huyo mtu. Alikuwa ananiletea uji na kuninywesha kwa kijiko, mimi nimefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Siku moja akaanza kulia. Akaniambia, "Dada, huo mtungi ulikuwa umerudishwa na mteja mwingine. Ulikuwa unavuja. Nilimwambia Baba Joy asiuuze, akaziba na sabuni ya kipande, akakupatia wewe."

Tangu siku hiyo sijawahi kulala bila kumfikiria huyo mwanaume.

Nilipotoka nilitafuta wakili, kesi ikaanza. Baba Joy alikana kila kitu, akasema hata hanijui. Juzi nilipita Gatina kuchukua vitu vyangu. Bado anauza gesi, tena amepaka duka rangi mpya. Aliponiona akaita mbele ya wateja, "Niaje madam! Mikono inaendeleaje? Siku hizi unasuka na miguu?" Wakacheka. Hata wanawake niliowasuka walicheka.

Wapendwa, sijui kama mmewahi kumchukia mtu mpaka mdomo ukawa mchungu. Siku hiyo nilienda moja kwa moja kwa wakili nikamwambia yote aliyoniambia Mama Joy. Wakili akasema, "Huyu mama ndiye kesi yako. Bila yeye ni neno lako na neno la mumewe." Akasema nikikubali, mama ataitwa mahakamani, atake asitake.

Sijui habari zilimfikiaje Mama Joy. Jumapili baada ya kanisa alikuja mpaka hapa Gatwekera, miguu imejaa tope, akapiga magoti mlangoni. "Nilikuambia kama dada yangu. Ukinitaja huyo mtu ataniua, na akiniacha hai atanifukuza na watoto. Sina pa kwenda."

Nikamwambia, "Na mimi nina pa kwenda?"

Akaniangalia mikono. Dadangu akataka kumwinua, nikamwambia amwache. Nikafunga mlango naye akiwa bado amepiga magoti nje. Nilisikia akijipangusa na kuondoka, na sikusikia huruma yoyote. Hiyo ndiyo inanitisha kidogo.

Dadangu anasema mtu aliyekunywesha uji humtupi kwa simba. Mimi nasema huyo simba ni mume wake, na huyo mama alijua mtungi unavuja akanyamaza mpaka nikaungua. Nataka Baba Joy asimame pale mbele, asikie bibi yake mwenyewe akisema sabuni ilitoka wapi, na mimi niwe nimekaa karibu nimwone uso. Sitaki kitu kingine.

Wakili anataka nimjibu wiki hii. Nimwite huyu mama mahakamani, ama nimwache Baba Joy aendelee kunicheka? Nishaurini, nitasoma kila komenti. Lakini yule atakayeandika "msamehe", kwanza aje anifunge vifungo.