Hatupalilii Jua

Siku moja ya palizi naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana nilichapwa kwa maneno, na maneno hayana dawa ya kuchua.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu hapa Mtinko, nina nguvu na nina mdomo. Wanawake tulipaliliana uwele kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kila mmoja na ngwe yake, kipande chake cha kumaliza. Wakanichagua niwe msimamizi. Wee! Nikasimamia kama askari jela. Nikaweka sheria: atakayekuta jua limetoka hahesabiwi, na zamu yake ikifika hatuendi kwake.

Mama Yohana alikuwa na mguu mmoja uliodhoofika tangu utotoni. Asubuhi za baridi ulikaza, mpaka aukande kwa maji ya moto ndipo atembee. Siku hiyo akafika jua limepanda.

"Karibu, mgeni wa mchana," nikamwambia. Wenzangu wakacheka. "Rudi ukalale, ngwe zimekwisha."

"Mdogo wangu, nipe hata ile ya pembeni. Nisipoimaliza leo nitaimalizia kesho. Kinachochelewa ni mguu, mkono haujambo."

Nikakataa. Shamba lake lilikuwa linamezwa na magugu, watoto wanne nyumbani. Tusipokwenda, havuni. Nililijua hilo, na bado nikakataa.

Mama mkwe alikuwa ngwe ya tatu. Hata mgongo hakuunyoosha. "Mkamwana, tumekuja kupalilia magugu au kupalilia jua?"

"Magugu, mama," nikajibu.

"Basi mpe ngwe. Tena ndefu sawasawa na yako. Jua lina mwenyewe."

Mama Yohana aliimaliza kesho yake mchana. Zikapita mvua mbili, mama mkwe akanipeleka kutazama. Ngwe ya Mama Yohana ilikuwa safi, alikuwa anang'oa na mizizi. Yangu niliyoimaliza wa kwanza, nikifukia magugu kwa udongo ili niwahi, ilikuwa kijani tele.

"Umewahi," akasema, "na magugu yako yamewahi." Alicheka mpaka akakaa chini. Zamu ya Mama Yohana ilipofika, nilitangulia shambani kwake kabla ya jogoo.

Sasa mjukuu wangu Rehema anasoma chuo mjini, naye ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Maumivu yalimlaza wiki mbili, vipindi vikampita, na kazi aliyopewa na mwalimu ikapitwa na tarehe. Akaja nyumbani na mizigo yake yote.

"Shikamoo bibi. Mimi sirudi tena."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Bado. Lakini nikiomba siku za kuongezewa wataniona mvivu. Wenzangu watasema napendelewa."

"Ukiongezewa siku, maswali yanapungua?"

"Hapana, bibi."

"Na mtihani wako utakuwa mwepesi kuliko wa wenzako?"

"Hapana."

Nikamsimulia habari ya Mama Yohana. "Basi ngwe ni ileile. Unachoomba ni jua tu. Kula ugali, kesho urudi na barua ya hospitali."

Akarudi. Mwalimu akamwongezea wiki mbili, wakapatana kwamba siku za maumivu awe anapelekewa masomo alipo. Tena akamgombeza: "Mbona hukusema tangu muhula unaanza?" Huyo mwalimu nampenda, na simjui.

Juzi Rehema akanipigia simu. "Bibi, nimemaliza kazi!"

"Umemaliza, au umefukia?"

"Nimeng'oa na mizizi, bibi."

Mwanangu, mficha uchi hazai. Kama mwili wako una masharti yake, yaseme mapema, kabla hujazidiwa. Ukishapewa nafasi usiilalie, maana ngwe haikufupishwa. Na wewe mzima unayemcheka anayechelewa, kabla hujafa hujaumbika. Geuka kwanza uitazame ngwe yako. Nanyi walimu, pimeni kilichopaliliwa.

Mungu awape mvua ya kutosha, mikono isiyochoka, na msimamizi mwenye akili kuliko nilivyokuwa mimi.