Viti Sita vya Kuazima

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoazima viti sita vya watu ili mgeni asijue kwamba kwangu kuna shida.

Kuhusu shida, uniulize mimi. Wakati wa vita nilisukuma baiskeli ya chumvi na mawese kutoka Kindu mpaka Lubutu. Shule niliachia darasa la tatu, na leo nyumba yangu ya matofali unaiona. Mtaani hapa hakuna aliyetoka chini kama mimi. Huko si kujisifu, ni ukweli.

Lakini vita hivyo vilimpata mke wangu, Zaina. Tukiwa tunakimbia, risasi ilimpiga kiunoni, miguu ikafa. Tangu hapo nikawa miguu yake. Nilimuogesha, nikambeba hadi uani, nikasonga hata ugali. Wanaume wakanicheka, wakaniita Mama Zaina. Niliwaacha, sombe yangu ya majani ya muhogo wake zao hawaifikii.

Vita vilipotulia, tukasikia kuna ofisi inayoandikisha walemavu: chakula cha kila mwezi, na baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Zaina alitaka baiskeli tu. Miaka mitatu alikuwa hajaona soko. Tukajaza karatasi, tukaambiwa mama mmoja wa ofisi atakuja kutazama hali yetu.

Sasa, kwetu mgeni haonyeshwi njaa. Nikaazima viti, nikaazima zulia, nikachinja jogoo. Zaina nikamvika kitenge kipya, miguu nikaifunika. Beseni lake la kuogea nikalificha nyuma ya nyumba. Yule mama akala, akasifu mchuzi, akamuuliza Zaina ni kazi gani zinazomshinda. Zaina hajafungua kinywa, mimi nikajibu: hakuna, mama, huyu iko na mimi, hakosi kitu. Akaandika vilevile. Orodha ilipobandikwa, jina letu halikuwamo.

Nikaitukana ofisi asubuhi nzima. Zaina akangoja nichoke.

"Baba Asha," akasema, "ofisi haina kosa. Walikuja kutafuta mulemavu, ukawaonyesha viti. Na miguu iliyokufa njo yangu, si yako. Mbona niliulizwa mimi, ukajibu wewe?"

Nikarudi ofisini, nikakiri kwamba kiburi kilinifanya nidanganye. Yule mama akacheka mpaka akavua miwani, akakubali kuja tena. Safari hii alikaa mkekani, beseni likiwa mbele yake. Zaina akasema yote, hata jinsi mgongo wangu unavyouma nikimbeba, jambo nililodhani halijui. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kuzito kuliko mlima wowote wa njia ya Lubutu.

Baiskeli ilipofika, Zaina aliiendesha mpaka sokoni, mimi nikikimbia nyuma, mtaa mzima ukipiga vigelegele. Mpaka leo anauza mchele kule, na akinikuta njiani ananipigia kengele nimpishe.

Basi, mwanangu, ukimwombea msaada mgonjwa wako, shida usiipambe. Mficha uchi hazai. Beseni liache pale lilipo, na mwenye maumivu aseme mwenyewe. Kumtunza mtu si kumfunga mdomo. Jogoo umchinje baada ya jibu.

Mungu akupe mgongo wa kumbeba umpendaye, akupe na ulimi unaojua kutulia, na kengele yake ikutoe njiani miaka mingi.