Sharti la Shamba la Nyumbani

Zilpah Achieng hufundisha kilimo katika chuo kidogo cha ufundi nje ya Uriri, na ndiye aliyeuandika mtaala anaoufundisha. Alisoma kwa miaka jinsi mitaala ya vyuo inavyoundwa, akaishikilia nadharia moja: mafunzo yasiyofika nyumbani kwa mwanafunzi ni mapambo. Kwa hiyo akaandika kwamba kila mwanafunzi apande mahindi katika shamba la kwao mvua inapoanza, akaguliwe huko huko. Jopo la Nairobi linalopitisha mitaala lilitaka shamba la chuo. Alibishana nalo kutwa nzima, akashinda.

Nimepita nchi ambako mitaala huandikwa na watu wasioijua hata njia ya kufika chuoni. Huyu anaijua. Ameolewa hapo hapo, na kila mwaka humngoja mama mkwe atangulie kutoa mbegu ndipo naye ashike jembe. Ndiyo desturi ya Waluo: mkubwa wa boma hupanda kwanza, na anayemruka hukaribisha chira, ugonjwa wa kunyauka unaoweza kumpata hata mtoto wake. Lakini alipokaa kuandika, Zilpah aliandika kama mtu asiye na mama mkwe.

Kosa hilo lilimwangukia Caren, mwanafunzi wake hodari, mama wa mtoto mmoja. Mvua ilinyesha, wenzake wakapanda. Yeye alilima, akachimba mashimo, akakomea hapo. Asiyefuzu sehemu hiyo haendi mafunzo ya kazini. Hungoja mwaka mzima.

Zilpah alifunga safari hadi Kendu Bay. Phelesia, mama mkwe wa Caren, anaishi huko kwa binti yake tangu avunjike nyonga.

"Nyathina," alisema bibi huyo, yaani mwanangu, "mimi nimeokoka. Mambo ya kutoa mbegu niliyaacha majini siku niliyobatizwa. Mwambie Caren apande. Yesu ameshatangulia."

"Basi mwambie Boaz hivyo, mama."

"Nimemwambia. Boaz husikia akiitiwa ugali tu."

Boaz, mwana wa kwanza wa Phelesia na shemeji wa Caren, alimpokea Zilpah bomani kwao akiwa amesimama mlangoni.

"Yesu simkatai, mwalimu, lakini hana shamba hapa. Mama aje arushe punje mbili, basi. Asipokuja, hapandi mtu. Hata mimi sijapanda. Si unaona magugu yangu?"

"Na mtakula nini?"

"Muulize aliyeokoka."

Zilpah akarudi chuoni, akamwomba mkuu wake, Mwalimu Cephas, Caren akaguliwe katika shamba la chuo. Cephas alicheka kidogo.

"Mtaala umeshapitishwa, madam. Mapitio bado miaka. Na si wewe uliyeliambia jopo kwamba shamba la chuo ni maigizo? Nilikuwepo. Nilikupigia makofi."

Siku ya ukaguzi, Zilpah alifika kwa Caren pamoja na Onchiri, mkaguzi kutoka nje ya chuo. Onchiri alipima mistari, akapekua samadi, akasifu. Kisha akaulizia mbegu. Zilikuwa kwenye bakuli, mkononi mwa Caren. Boaz alikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa, akijifanya anakata matawi.

"Panda shimo moja tu," Onchiri alisema, wala si kwa ubaya. "Nikuone, nitie sahihi. Tukishaondoka ukitaka ifukue."

Caren alimgeukia Zilpah. "Madam, ukisema nipande, nitapanda."

Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake, mdomo wazi, shavu limelowa jasho. Zilpah alimtazama mtoto huyo muda mrefu kuliko inavyofaa kazini.

"Usipande," alisema.

Onchiri akaandika kwamba bado hajafuzu, akamwonyesha Zilpah mahali pa kutia sahihi yake.

"Basi ni mwakani," Caren alisema. "Kama mama atakuwa amerudi. Au amekufa." Aliposikia alichokisema akaziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia jikoni.

Kundi jipya lilipoingia mwezi wa Mei, Zilpah aliwasomea masharti ya kozi kama yalivyopitishwa. Alipofika kwenye shamba la nyumbani, mwanamke mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono.

"Madam, na kama mama mkwe hajapanda?"

Zilpah alifunua ukurasa. "Tuendelee," alisema.