Mnyama Tuliyemwogesha

Juzi nilirudi kwenye jiwe la utotoni mwangu, na mpaka leo magoti hayajanisamehe. Binti yangu yuko kidato cha pili, kaambiwa shuleni atafute mambo ya kale. Nikajipiga kifua: "Ya kale? Mama yako kakua nayo!" Basi nikafunga biashara yangu ya samaki wa kukaanga pale Ufukoni, tukapanda basi la Masasi, kisha bodaboda, kisha miguu. Mwili huu, ndugu yangu, kwenye kilima! Kandambili moja ilikatika njiani. Binti alicheka mpaka akakaa chini.

Huko ndiko kwa bibi mzaa mama, nilikomalizia likizo zote. Msimu wa korosho kijiji kizima kinanuka mabibo, na sisi watoto midomo imebabuka kwa utomvu. Asubuhi tunachota maji, mchana tunatafuna ming'oko, vile vizizi vya porini bibi alivyovichemsha na chumvi. Na nyuma ya shamba lake kulikuwa na jiwe kubwa limeinama kama paa la banda. Chini yake, mnyama mwekundu, kachorwa na watu wa zamani ambao hata bibi hakuwajua. Pembe mbili, shingo ndefu, mguu mmoja kauinua kama anataka kuondoka.

Kila mara kabla ya kulima, bibi alimwekea unga wa mtama kidogo, halafu anatugeukia: "Mwangalieni kwa macho. Maji msimmwagie. Huyo hakuumbwa kuoga."

Tulisikia? Thubutu! Mwalimu wa kijijini alianza kuleta wageni, na mnyama amejaa vumbi. Tukagundua ukimpiga maji anang'aa kama kapakwa rangi jana. Kazi ikawa yangu. Nilikuwa na kopo langu kabisa. Mgeni akifika, chwaa! Wageni wanapiga makofi, mwalimu anatabasamu, mimi napewa pipi. Mwishowe likizo ikiisha sirudi nyumbani, na shule niliishia darasa la sita. Wenzangu wanasoma, mimi niko jiweni naogesha. Ndicho cheo pekee nilichowahi kupata. Bibi akiniona na ndoo anapiga kelele toka shambani, "Wewe mwosha maiti, njoo hapa!" Mimi nacheka tu, nakimbia.

Basi juzi tumefika, nahema kama mbuzi wa mnadani. Nikamwonyesha binti kwa kidole.

"Yuko wapi?"

"Si huyo hapo."

"Hapo wapi, mama?"

"Kodoa macho! Shingo ile, pembe zile."

"Mama, hiyo kutu."

Nilikasirika mie! Nilimkasirikia yeye, jiwe, mwalimu, mpaka kandambili. Nikasogea karibu nimwonyeshe ujinga wake. Kumbe kweli. Wekundu kidogo tu, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa, na michirizi myeupe imeshuka pale pale kopo langu lilipokuwa likipiga. Kilichobaki ni ule mguu ulioinuliwa.

Binti akatoa chupa ya maji kwenye begi. "Tumwagie, ataonekana. Mwalimu anataka picha Jumatatu."

Nakwambia mkono wangu ulishaanza kwenda wenyewe. Miaka yote hii, bado unaijua kazi yake. Nikafungua chupa. Nikainywa yote, mpaka tone la mwisho.

"Mama! Na mimi je?"

"Utakunywa huko chini."

"Na picha?"

"Una daftari. Chora huo mguu."

Akanuna, akachora. Mimi nikatafuta unga wa kuweka, nikakuta ule wa kukaangia samaki umegandia kwenye upindo wa khanga. Nikaukung'uta chini ya jiwe. Bibi angenitukana vilevile, tena ningefurahi kumsikia akipiga kelele toka shambani. Lakini shamba lenyewe sasa ni kichaka, na wa kuniita hayupo.

Binti alipomaliza akauliza chini ya mchoro aandike nini, maana mwalimu atataka kujua mnyama mzima kaenda wapi.

"Andika ukweli," nikamwambia. "Andika kilichobaki ni huo mguu, kwingine kote aliosha mama."