Lugha Yangu Ilishinda Ofisini, Sasa Siwezi Kurudi kwa Baba Mandera

Huyu ni msomaji wetu wa Dadaab. Jina lake la kweli tumelificha, Abdi ni la kubuni, na majina mengine amebadilisha mwenyewe. Msomeni mpaka mwisho ndipo mmjibu.

Asalaam aleikum wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tatu, sijaoa, mzaliwa wa Mandera, mtoto pekee wa kiume wa mfugaji wa ngamia. Nafanya kazi Dadaab katika ofisi ya shirika moja la misaada, naandika programu za kompyuta. Najua wengi mtasema huyu ana kazi ya kiti na kivuli, analia nini. Subirini.

Programu yangu ndiyo inayopiga hesabu ya mgao wa chakula wa kila jamii, yaani kila familia, katika kambi ya wakimbizi: watu wangapi, unga kiasi gani, mafuta kiasi gani. Nimeiandika kwa Lisp, lugha ya kompyuta niliyoipenda nikisoma India. Mwenzangu ofisini, nimwite Mutua, Mkamba mmoja mcheshi, alikuwa mtu wa lugha nyingine, Pascal. Kwa Pascal unaiamuru kompyuta hatua kwa hatua: shika kisanduku hiki, tia namba, ongeza, futa, rudia. Mimi kwa Lisp siiamuru hivyo. Naeleza tu jibu linatokana na nini, na kitu kikishapata thamani yake hakiguswi tena. Mgao wa jamii ni wa mtu wa kwanza pamoja na wa waliobaki, na hao waliobaki vivyo hivyo, mpaka waishe. Mtoto wa Kisomali aliyefundishwa kutaja baba zake, fulani wa fulani wa fulani, haoni ugeni hapo.

Mutua alikuwa akichungulia juu ya bega langu, aone Lisp ilivyojaa mabano, na kucheka. "Abdi, haya mabano yote ya nini? Umefuga siafu?" Kisha anaacha mzaha. "Hapa si chuoni, ndugu yangu. Programu ya kazini ni ya yule atakayekuja baada yako."

"Wallahi, huyo atakayekuja na asome!" nilimjibu. Na mpaka leo nasema lugha yangu ni bora, mtu asinibishie.

Bosi wetu, mama mmoja wa Kisumu, alimsikiliza Mutua. Akaagiza kila kitu kiandikwe upya kwa Pascal. Mutua akaandika, na mgao mmoja ukapigwa kwa programu yake. Masikini alisahau kukirudisha kisanduku cha hesabu kwenye sifuri baada ya kila jamii, basi kila jamii ikarithi watu wa waliotangulia. Kule kambi ya Hagadera, wa mbele kwenye foleni walibeba magunia mpaka wakajishangaa. Wa nyuma wakakuta ghala limefagiliwa. Mmoja wao alikuwa eedo, shangazi yangu, dada wa baba, aliyekimbia vita kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuja mpaka kwenye lango la ofisi akamkuta Mutua. "Wewe! Kombyuta yako imekula watoto yangu? Mimi narudi na mfuko ya hewa?" Mutua hakuweza hata kumtazama.

Siku hiyohiyo bosi alirudisha programu yangu. "Hakuna mtu wa kuigusa tena isipokuwa Abdi," akasema mbele ya wote. Nilitembea ofisini kama bwana harusi.

Sasa baba anapoteza macho. La kushoto limekwisha, la kulia linafifia, na daktari amesema halitarudi. Baba anataka kuniona kabla la kulia halijafunga. Tunaongea kwa taar, ile redio ya dukani ya kusema kwa zamu, kila mtu akimaliza kwa 'ova', ambapo mji mzima unasikia shida zako. Nikaomba ruhusa. Bosi akaniuliza, "Nani atakushikia?" Si mtu mbaya, ana watu wa kulisha. Kila mgao kuna wageni waliofika na kanuni mpya kutoka juu, programu lazima irekebishwe, na barabara ya Mandera ni ya kungoja msafara wa polisi. Ukienda hujui utarudi lini. Nairobi wameleta watu wa kunishikia. Wakiona yale mabano wanasema hawakusomea hayo. Mmoja alielewa, nikamfundisha kwa moyo wote, na alipoiva akapata kazi nono hukohuko Nairobi akaniaga. Kuandika upya kwa Pascal bosi hataki hata kusikia tangu yale magunia. Mutua mwenyewe alishahama. Aliyekuja mahali pake alizisoma programu nyingine alizoziacha Mutua kwa Pascal huku anakunywa chai, bila shida.

Nilimweleza baba haya yote. "Aabo," akasema, maana kwetu baba humwita mwanawe kwa jina lilelile analoitwa yeye, "unamkumbuka ngamia mweupe wa mama yako?"

Namkumbuka. Alikubali kukamuliwa na mama peke yake, kwa wimbo wake. Mama alipofariki, kila aliyemsogelea alipigwa teke, maziwa yakakauka, tukamuuza kwa mchinjaji.

"Nilimwambia mama yako amzoeshe na mkono mwingine. Akaona fahari. Na huyo ngamia wenu wa ofisini, nani alimzoesha mkono mmoja? Ova."

Duka zima lilikuwa linasikiliza. "Ni mimi, aabo. Ova."

Nikiondoka tu, eedo na maelfu wengine watarudi nyumbani na mifuko mitupu, na hilo sitaweza kulibeba. Nikibaki, nalia kila usiku, sina haya ya kulisema. Siku zote baba alikuwa akimalizia kwa kuuliza nakuja lini. Juzi hakuuliza. Aliuliza kama nimefuga ndevu. Nikasema ndiyo. Akauliza ni ndefu kiasi gani, na kama zimeshika mashavu yote kama za babu. Nikamweleza polepole, naye akawa ananirudisha nyuma nirudie, kama anayejichorea uso wangu kichwani.

Wenzangu, akili yangu imegota. Niende au nibaki? Mwenye neno anipe, ijapokuwa naona nimeshachelewa.